Shimo Chini ya Mkwaju

Nilikuwa na mwaka wa nne Tacoma, jimbo la Washington, nilipoingia kwa mara ya kwanza katika jumba kubwa la makumbusho la Marekani. Sitataja ni lipi wala liko mji gani. Ghorofa ya pili, kati ya kinyago na kigoda, nilikutana na kigango. Kilikuwa ndani ya kabati ya kioo, taa ikikimulika kutoka juu, na chini yake kibandiko kilichosema ni nguzo ya kumbukumbu ya mbao kutoka Afrika Mashariki. Basi. Hakuna jina la mzee, hakuna jina la kijiji. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninajisikia vibaya.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Kwa msomaji asiyetoka pwani ya Kenya, kigango ni nguzo ndefu ya mti mgumu, iliyochongwa kwa umbo la mtu, kichwa na kiwiliwili, na kukatwa nakshi za pembetatu ndogondogo. Huchongewa mzee aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali. Mzee akishafariki, miaka ikipita, huja ndotoni kwa mmoja wa wanawe, au mikosi huandamana bomani mpaka mganga aseme: mzee anataka asimamishwe. Hapo ndipo fundi huitwa. Kikishasimamishwa hakiondolewi. Hufungwa vitambaa, humiminiwa tembo la mnazi, huambiwa habari za ndoa na za mvua. Kikiliwa na mchwa, kinaliwa pale pale.

Bomani kwetu vilikuwepo viwili chini ya mkwaju. Mwaka 1986, nikiwa na miaka saba, tuliamka asubuhi kimoja hakipo. Kilikuwa cha babu yake baba. Miaka ile vigango viliibwa boma baada ya boma. Vijana walilipwa vijisenti, vikapelekwa kwa wafanyabiashara wa vinyago wanaouzia watalii, na kutoka hapo vikavuka bahari. Kwetu kilichobaki ni shimo. Baba alitaka kulifukia kwa sababu ya mbuzi. Hawe, mamake baba, akakataa kabisa. "Mwenyewe akirudi atasimama wapi?"

Sisemi kile nilichokiona kwenye kioo kilikuwa chetu. Sina ushahidi, na nilikuwa mdogo mno kukumbuka nakshi zake. Lakini tangu siku ile sikutaka tena kukanyaga jumba la makumbusho. Mwanangu akiwa na safari ya shule ya kwenda huko, nilitia sahihi karatasi, nikabaki nyumbani.

Aliyenibadilisha ni mwenzangu wa kazi. Mimi huhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu ya usiku ni ndefu, watu huongea. Nilimsimulia habari ya kigango. Yeye ni mwenyeji wa asili, wa kabila jingine la huku Puget Sound. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niende Neah Bay nikaone Wamakah, kabila la wenyeji wa asili wa huko, walivyofanya. Hakuongeza neno.

Neah Bay iko pembe ya mwisho kabisa ya kaskazini-magharibi mwa Marekani bara, ukiacha Alaska. Niliondoka na mwanangu wa miaka 13 alfajiri ya Jumamosi moja ya Septemba. Ukishapita Port Angeles, barabara namba 112 inajipindapinda kando ya mlangobahari wa Juan de Fuca, na ng'ambo ya maji unaiona Kanada. Mji wenyewe ni mdogo. Wakazi hawafiki hata 1,500. Kuna bandari ya mashua za uvuvi, duka, kanisa, shule, mbwa wanaotembea barabarani bila haraka. Ni ardhi ya Wamakah, kwa hiyo mgeni anayetaka kutembelea fukwe na njia zao za miguu hununua kibali kwao. Nilikinunua na nikafurahi kukinunua. Mtu akibisha hodi hapunguki kitu.

Jumba lao la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1979. Nilidhani nitakuta vitu vichache vya vumbi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufikiri kuhusu mji mdogo. Nilikosea vibaya.

Kusini mwa hapo, katika pwani ya wazi ya Pasifiki, kilikuwepo kijiji kiitwacho Ozette, kimoja kati ya vijiji vitano vikubwa vya Wamakah. Wazee walikuwa wakisimulia, kizazi kwa kizazi, kwamba zamani mlima uliporomoka usiku na tope likazifunika nyumba. Wasomi waliyahesabu hayo kuwa ngano. Watu waliendelea kuishi Ozette mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ilipowalazimisha watoto wasome shule iliyokuwa Neah Bay, wazazi nao wakawafuata watoto. Kijiji kikabaki kitupu. Kisha Februari 1970 dhoruba ikapiga, mawimbi yakala ukingo wa pwani, na vitu vya mbao vikaanza kutokeza kwenye tope. Wapita njia wakaanza kuviokota.

Nimerudia kuisoma sehemu hii mara nyingi, maana hapa ndipo njia yao na yetu zilipoachana. Mwenyekiti wa Wamakah wakati huo, Ed Claplanhoo, alimpigia simu mwanaakiolojia aliyemfahamu, Richard Daugherty wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Uchimbaji ukaanza mwaka ule ule na kuendelea miaka 11. Hawakutumia sululu, walisukuma maji kwa mabomba ya mpira, wakaliosha tope polepole wasiikwaruze mbao. Vijana wa Kimakah walichimba pamoja na wanafunzi wa chuo. Na tangu mwanzo kabila lilishikilia neno moja: kila kitakachotoka ardhini kitabaki kwa Wamakah. Vilitoka vitu zaidi ya 55,000. Wakajenga jumba la kuviweka, nyumbani, si mjini Seattle wala Washington, D.C.

Tope lile lilizuia hewa, ndiyo maana mbao, kamba na vikapu ambavyo kwa kawaida huoza vilitoka kama viliwekwa juzi. Wazee walikuwa sahihi wakati wote. Nyumba zilifunikwa kweli, karne kadhaa zilizopita, kabla Mzungu yeyote hajafika pwani ile. (Waispania walikuja kujenga ngome Neah Bay mwaka 1792 na hawakumaliza hata mwaka wakaihama. Nilipolisoma hilo niliifikiria Fort Jesus yetu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na ingali imesimama kichwani mwa Mombasa. Kila pwani ina bahati yake.)

Nilitembea mle ndani taratibu, mwanangu akitangulia. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Takaungu, kwa hiyo vitu vingi sikuhitaji kusomewa. Niliona upo wa kukumbia maji mtumbwini. Niliona makafi. Niliona ndoana za mbao zilizopindwa kwa mvuke, za kuvulia samaki bapa wa maji ya kina. Niliona machusa ya nyangumi yenye ncha za gamba la kome, na maboya yaliyotengenezwa kwa ngozi nzima ya sili iliyojazwa pumzi, ili nyangumi akichomwa asizame nalo chusa. Nilimweleza mwanangu kazi ya upo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie umri huu wa kutojali kitu akauliza swali la pili.

Kulikuwa na sanduku ambalo sitalisahau. Pande zake nne ni ubao mmoja tu. Fundi aliuchanja sehemu tatu, akaulainisha kwa mvuke, akaukunja kuwa mraba, na pembe ya nne akaishona. Likikamilika halivuji. Walipikia humo: walitia maji, kisha mawe yaliyopashwa moto, maji yakachemka. Mtu aliyezaliwa kwenye pwani ambayo mitepe, vyombo vya kale vya baharini, ilishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja anaelewa ni akili gani inakaa katika mshono kama ule.

Kulikuwa na habari ya blanketi lililofumwa kwa manyoya ya mbwa. Mwanangu alicheka, nami nikatamani kucheka, mpaka nilipoelewa kwamba walifuga mbwa wa aina yake, wenye manyoya marefu, wakawanyoa kama kondoo, na wakachanganya manyoya hayo na sufi ya mimea. Hawakuwa na kondoo wala pamba. Walitazama walichokuwa nacho.

Pia kulikuwa na visu na patasi zenye makali ya chuma, kutoka katika nyumba zilizofunikwa kabla Wazungu hawajaja na chuma chao. Inaaminika chuma hicho kililetwa na bahari, kwenye mabaki ya vyombo vilivyovunjika upande wa Asia na kusukumwa na mikondo ya Pasifiki mpaka pale. Mjomba alikuwa akisema bahari haipokei kitu bila kukipeleka mahali. Nilimwamini kwa heshima ya umri wake. Siku ile nilimwamini kwa macho.

Na kulikuwa na pezi. Ni pezi la mgongoni la nyangumi, limechongwa kwa mti wa mwerezi na kupachikwa meno ya fisi maji wa baharini zaidi ya 700. Hakuna atakayeniambia kwamba aliyelichonga alikuwa anatengeneza "kifaa". Yule alikuwa anasali. Nilikaa mbele yake muda mrefu, simu nikaiacha ndani ya mkoba.

Ndani ya jumba wamejenga nyumba ndefu kamili, kama zile za Ozette, mbao pana za mwerezi zimepangwa kama zilivyopangwa zamani. Unaingia ndani. Giza, harufu ya mbao, majukwaa ya kulalia pembeni, mahali pa moto katikati. Mwanangu aliketi kwenye jukwaa akanyamaza. Baadaye aliniuliza kama nyumba ya hawe ilikuwa na giza hivyo. Nikamwambia ndiyo, na moshi, na kwamba moshi ule ndio uliozuia mchwa kwenye makuti.

Kuna mifupa ya nyangumi pia, iliyounganishwa na kuning'inizwa. Hiyo si ya Ozette. Ni ya nyangumi wa kijivu aliyevuliwa na Wamakah wenyewe tarehe 17 Mei 1999, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 70. Walikuwa wameacha katika miaka ya 1920 kwa sababu meli za biashara za watu wengine zilikuwa zimewamaliza nyangumi. Haki yao ya kuvua nyangumi imeandikwa katika mkataba wa Neah Bay wa mwaka 1855, ambao kwa mkataba huo waliachia serikali ardhi kubwa mno. Walitoa nchi, wakabakiza bahari. Uvuvi ule wa 1999 uliwaletea matusi na vitisho, kesi zikafuata, na haikuwa mpaka Juni 2024 serikali ya Marekani ilipowaondolea zuio la sheria, wapate kuomba kibali cha kuvua hadi nyangumi 25 katika miaka 10. Najua wasomaji wengine hawatakubaliana nami, lakini mimi nilipoiona mifupa ile nilimwona mtu aliyekalishwa kitako miaka 70 akiambiwa asubiri, akasubiri, akasimama.

Nilichojifunza zaidi, hata hivyo, hakikuwa kwenye maonyesho. Vinavyoonyeshwa ni mamia tu. Maelfu yaliyobaki yako ghalani. Mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa pale, alinieleza jinsi ghala lilivyopangwa, na mimi nikamwomba arudie. Kwingine vitu hupangwa kwa aina: visu na visu, vikapu na vikapu. Wao waliheshimu nyumba kila kitu kilikotoka, kwa sababu nyumba zile zilikuwa za koo, na koo zile zipo. Wajukuu wanapita barabarani hapo nje. Na majina ya vitu yakaandikwa kwa Kimakah, kwa msaada wa wazee waliokuwa bado wanaviita. Mzee wa mwisho aliyelelewa na lugha hiyo tangu utotoni alifariki mwaka 2002. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuirekodi, kuiandikia herufi na kuipeleka shuleni, na leo watoto wanafundishwa.

Nilimweleza habari ya kigango. Sikupanga kumweleza, ilinitoka. Nikamwambia kile nilichokiona kwenye kioo hakikuwa na jina. Aliuliza, "Jina lake unalijua?" Nilifungua mdomo. Nilijua kwamba ni babu yake baba. Nilijua mahali pa shimo. Jina la yule mzee, jina hasa, la kumwita, sikuwa nalo.

Miaka yote ile nilikuwa nimelikasirikia lile jumba kubwa kwa kibandiko kisicho na jina. Hasira ile ilikuwa halali na bado ninayo. Lakini kama mkurugenzi wao angenipigia simu kesho yake na kusema, mama, tuandike nini, ningemwambia nini?

Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayozitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kurudisha kwa makabila ya wenyeji mifupa ya wafu wao na vitu vyao vitakatifu. Sheria hiyo haimgusi Mgiriama. Kigango kilichotoka Kenya hakimo. Hata hivyo vipo vilivyorudi. Makumbusho ya Maumbile na Sayansi ya Denver, bila kulazimishwa na mtu, yalirudisha vigango 30 mwaka 2019. Nilishangilia niliposikia. Kisha nikauliza vitakwenda wapi, na hapo ndipo penye uzito: kigango kilichoibwa bila mtu kuandika kilitoka boma gani hakijui njia ya kwenda kwao. Wamakah waliandika kabla. Walijua kila kijiko kilitoka nyumba gani, hata nyumba zenyewe zilipokuwa chini ya tope.

Lipo jambo moja ambalo sikubaliani nalo, nami nilimwambia yule mama. Wao walizinywesha mbao zao nta maalumu ili zisioze. Sisi kigango tunakiacha kioze, na watu wa majumba makubwa wamelitumia hilo kama hoja kwamba waliviokoa na mchwa. Aliniangalia kwa upole akasema walikaa wakajadiliana, wakaamua wenyewe vihifadhiwe. Mngeamua ninyi vioze, akasema, hilo nalo ni lenu. Nilimshika mkono. Sikuwa na jibu jingine.

Kabla ya kutoka tulipita kwenye duka lao dogo. Humo kuna kazi za mafundi wa hapo hapo wanaoishi leo: vinyago, vikapu vya maganda ya mwerezi, vito, picha zilizochapwa. Kikapu kimoja, kidogo kama ngumi, chenye mfuniko, kilisukwa kwa ukili mwembamba kiasi kwamba nilikigeuza mara tatu kutafuta mwanzo wake. Niliangalia bei nikajua ni siku mbili za kazi yangu. Nilikinunua. Hawe alikuwa akisuka mikeka, na katika maisha yake hakuna hata mmoja aliyeulipia bei ya siku mbili za kazi ya mtu. Kwenye kibandiko cha kikapu kile limeandikwa jina la aliyekisuka.

Tulitembea pia mpaka Cape Flattery, ambapo nchi inakwisha na kisiwa cha Tatoosh kinaonekana mbele, lakini kwa kweli akili yangu haikuwa huko.

Tulilala Port Angeles. Saa tatu usiku kwetu ni saa moja asubuhi Kaloleni, nami nilijua baba ameshaamka. Nilimpigia kwa video kupitia simu ya mpwa wangu. Baba ana miaka 78, hapendi simu, huishika kana kwamba itamwunguza. Nikamwuliza jina la babu yake. Alinyamaza, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, baba, nataka kuandika. Akalitaja. Akataja na jina la baba yake yule mzee, na la fundi aliyechonga, na kwamba fundi huyo alitoka ng'ambo ya mto na alilipwa mbuzi na mtungi wa tembo. Mwanangu alikuwa anaandika kwenye daftari la shule, akimwuliza herufi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na baba akirudia bila kuchoka, yeye ambaye kwa kawaida harudii neno.

"Tsawe," mwanangu akamwambia babu yake, "kilikuwa kirefu kiasi gani?"

Baba hakujibu. Tuliona picha ikiyumba, ua, kuku, miguu ya mpwa wangu ikifuata nyuma, kisha kivuli cha mkwaju. Kile kigango cha pili bado kipo, kimeinama, kimeliwa upande mmoja. Kando yake, shimo. Limekuwa dogo, majani yameota ukingoni, lakini lipo. Baba alisimama nyuma yake. Akaikamata fimbo yake katikati, akaiinua taratibu juu ya kichwa chake mpaka ikasimama mahali fulani hewani, akaishikilia pale.

"Hapa," akasema. "Umeandika?"